Bingwa Aliyeitwa Vakanti

Kwa ndugu yangu Ouma,

Karatasi hii ikikufikia hapo Sori najua utaifungua ukiwa na mikono ya grisi, na wala usinawe kwanza. Grisi ni dalili kwamba injini za boti za watu bado zinaharibika na nyinyi bado mnakula. Mama anaendeleaje na ule mguu? Bado anapanda kile kilima kwenda kanisani, au siku hizi kanisa ndilo linamfuata nyumbani? Na shemeji Akinyi na watoto wanalala wapi mvua ikishika? Nauliza, lakini jibu ninalo. Mama aliniambia.

Mimi niko. Afya ninayo, kazi ninayo, chakula tunapewa. Ukiniuliza kama nina furaha nitakuambia sijaangalia. Huku ughaibuni mtu anaamka, anapanda basi la kampuni, anafanya kazi, anarudi, anafua ovaroli, analala. Huu ni mwaka wa saba. Siku zenyewe zinafanana mpaka nikisimuliwa jambo la mwaka juzi nadhani ni la juzi.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea nyumbani, maana Kiluo cha kuandika kilinishinda shuleni, na Kikuria cha Mama tunakisikia tu. Na naandika kwa karatasi kwa sababu Mama alisema baba mdogo hataki habari ya simu katika jambo hili. Alisema simu inaweza kusema chochote, yeye anataka mkono wangu. Basi huu hapa mkono wangu. Atakuletea Magesa, yule Mtanzania wa Musoma ninayefanya naye kazi. Anaenda likizo, na ameahidi kuvuka mpaka pale Isebania akuletee mwenyewe. Mpe samaki, anapenda sana.

Kuna jambo uliloniuliza na kuna jambo ambalo hukuniuliza. Uliloniuliza ni la mabingwa wa mapigano. Ambalo hukuniuliza, na naona ulivyojizuia, ni hili: una mke na watoto wawili ndani ya simba, ile nyumba ya kijana asiyeoa, bado uko bomani kwa marehemu Baba karibu na Magunga. Mabati umenunua. Huwezi kutoka kwenda kuanzisha boma lako kwa sababu mimi mkubwa wako sijaanzisha langu, na kwetu mdogo hampiti mkubwa. Baba mdogo anasema ukipita bila mimi kusema, chira, ile laana ya kuvunja mila, itawafuata watoto. Hilo nitalijibu humu humu. Lakini acha nianze na mabingwa, kwa sababu bila hao nisingeandika barua hii.

Umesema hapo kwenye kibanda cha video mnabishana nani alishika mkanda gani na lini, na watu wanakugeukia wewe kwa sababu ndugu yako yuko ndani ya ukumbi wenyewe. Wanafikiri nakaa na mabingwa. Mimi nakaa na ndoo. Kazi yetu ni kuunganisha kile kizimba cha waya chenye pembe nane, kutandaza turubai lake, kupanga viti, kubeba barafu, na kusugua damu kati ya pambano na pambano. Damu unaisugua kwa maji baridi. Ukiweka ya moto inapikika na haitoki tena. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka.

Siku ya kupima uzito ndiyo mbaya kuliko siku ya kupigana. Mtu mkubwa anataka kupigana na watu wadogo kuliko yeye, basi anajikausha. Haonji maji, anakaa kwenye beseni la maji moto yenye chumvi mpaka macho yanaingia ndani. Siku moja tulimtoa mmoja, Magesa ameshika mabega na mimi miguu, na njia nzima alikuwa akiuliza taratibu kama amebakisha kilo nyingi. Alikuwa bingwa wa uzani wa welter. Mizani ilimkataa kwa kitu kidogo sana, uzito wa samaki mmoja, ngege wa kukaanga. Mkanda ukamtoka pale pale amesimama na chupi, na hakuna mtu aliyemgusa. Nilimpa taulo. Alisema asante kwa lugha ya kwao, nadhani ni asante.

Sasa, katika ushoroba wa nyuma, mahali wapiganaji wanapopitia wakienda ulingoni, kuna ubao unaojaza ukuta mzima. Ni wa mabingwa wote wa kampuni hii ya mapigano tangu ilipoanza. Kila uzani una safu yake: fly, ambao ni vijana wembamba kama waimba kwaya, halafu bantam, feather, light, welter, middle, light-heavy, na heavy ambao wakipita lazima uhamishe ndoo. Mwisho kuna safu ya wanawake. Nilimwambia Mama habari ya wanawake akauliza waume zao wako wapi. Kila bingwa ana kibao chake cha plastiki chenye jina, na chini yake siku aliyopata mkanda na siku uliyomtoka. Mkanda ukibadilika mkono, mimi ndiye ninayepanda ngazi kubandika. Walinichagua kwa sababu sina kizunguzungu.

Na hapo juu ya ngazi ndipo nilipomjua Vakanti. Unamkumbuka, nilikusimulia kwenye simu. Majina mengine yalikuwa ya Warusi wa milimani na Wabrazili na Wajojia, majina ambayo ulimi wangu hauwezi. Lakini hili nililiweza. Limeandikwa VACANT, mimi nikalisoma Vakanti. Nikamwona kwenye fly. Nikamwona kwenye feather. Nikamwona kwenye middle mara mbili, na kwenye heavy mara tatu. Nikakuambia kuna mtu mmoja ambaye ameshika mkanda wa kila uzani, mdogo kwa mkubwa, na hajawahi kujisifu, hata picha yake haipo ukutani. Wewe ukawaambia watu kibandani. Nilisikia kuna mvuvi hapo Sori alichora VAKANTI ubavuni mwa boti yake kwa rangi nyekundu.

Ouma, mwambie afute. Au aache, ni boti yake.

Siku moja tulikuwa tumeletewa sanduku jipya la vibao. Nilifungua nikakuta vibao vingi vya jina hilo hilo. Nikamwambia Magesa, ambaye alikuwa ameshika ngazi, kwamba naona Vakanti anarudi, wamemtengenezea vibao vingi.

"Nani?" akauliza.

"Vakanti. Huyu wa kila uzani."

Magesa akainua uso. "Huyo bwana ni wa nchi gani?"

Nikamwambia nadhani ni Mbrazili.

"Ulishamwona?"

"Sijamwona. Nimemsoma tu."

Alicheka mpaka akaachilia ngazi. Nikashikilia bomba la ukutani, yeye yuko chini amejishika tumbo. Akaniambia, "Kaka, hilo si jina la mtu. Maana yake nafasi iko wazi, hakuna mwenyewe. Miaka miwili unamshangilia asiyekuwepo."

Sikuona aibu. Ningeona aibu zamani. Nilishuka, nikanywa maji, nikapanda tena. Lakini kuanzia siku hiyo nikaanza kuusoma ubao upya, na Magesa akawa ananieleza, maana yeye alimaliza kidato cha nne na anafuata mambo haya. Basi nakupa ulichotaka, uwajibu watu wako.

Heavy ndiyo safu ndefu kuliko zote, kwa sababu pale ngumi moja inatosha. Mkanda haukai. Mtu anaupata, anapiga picha, anautetea mara moja, anaangushwa. Anayekuambia kuna bingwa wa heavy aliyedumu katika kampuni hii ni mwongo. Fly ni kinyume chake. Kibao kimoja tu kilikaa miaka mingi, kijana huyo aliwapiga wote waliokuwepo, akarudia, mpaka wakubwa wakazungumza kufunga uzani wenyewe kwa kukosa wa kumpa. Alipohamia bantam, nafasi ikabaki wazi, ndipo kibao cha wazi kikaingia. Kwenye light-heavy kuna mmoja alikutwa na dawa kwenye mkojo. Huyo alivuliwa. Jina lake halikutolewa ubaoni, liliwekewa alama ya nyota, na kila mpiganaji anayepita anaitazama ile nyota kuliko majina mengine.

Safu ya middle ndiyo iliyonikamata. Kuna bingwa pale ambaye hakuna aliyemshinda. Alipata mkanda, akaumia mgongo, akapona, akaenda kuigiza filamu, akasema anarudi, hakurudi. Kila mwaka anasema mwaka huu. Jina liko juu, yeye hayuko. Sasa walio chini yake wafanye nini? Wakatengeneza mkanda wa muda, na kibao chake kinabandikwa pembeni, si kwenye mstari. Mtu mmoja alipigana akaupata huo mkanda wa muda. Akautetea. Akautetea tena. Alivunjika kidole, akautetea na kidole kimevunjika. Akangoja bingwa mwenyewe aje wapigane ijulikane nani bingwa, mpaka akazeeka akastaafu. Ubao bado unamwita wa muda.

Nilipoelewa hilo nilikaa juu ya ngazi. Msimamizi alipita akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema bado.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia Mama. Mke wangu Boke alipoondoka ulikuwa mwaka wangu wa tatu huku. Mnajua aliondoka, mnajua alirudi kwao upande wa Ogwedhi, na nimesikia mume aliye naye sasa ana ng'ombe wa kupeleka kila siku ya soko. Simlaumu. Aliolewa na simu, si na mtu. Lakini nyinyi mlidhani nitaoa mwingine nije nijenge. Mtu bila mke haanzishi boma, hilo hata mtoto wa Magunga analijua. Mimi nilijua tangu wiki ile kwamba sitajenga. Sikutaka mke mwingine na sitaki sasa. Na kila Mama aliponiuliza nilisema mwaka ujao. Nimesema mwaka ujao mara nne, Ouma, na wewe ukawa unapigana na ile nyumba. Akinyi akajifungua ndani yake mara ya pili. Nilitumiwa picha ya mtoto, nyuma yake kuna sufuria inayokinga maji ya paa. Niliiona ile sufuria. Nikajibu kwamba mtoto anafanana na Baba.

Kwa nini nilinyamaza sijui vizuri. Nadhani nilitaka jina langu likae juu mahali fulani, hata kama sipo.

Halafu mwezi uliopita nilipewa kibao cha kubadilisha kwenye bantam. Niko juu ya ngazi nikaona mtu amesimama chini, mfupi, ana fulana ya kawaida na anatembelea gongo. Nilidhani ni mgonjwa aliyepotea. Magesa akaninong'oneza kwamba ndiye mwenyewe, bingwa wa bantam, ambaye jina lake lilikuwa mkononi mwangu linatoka. Nikaona vibaya kulitoa mbele yake. Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi, na chake hakikunizidi sana, lakini nilimuuliza kama ameshindwa. Akasema hapana. Nikamuuliza kama wamemvua. Akasema hapana, ameandika barua mwenyewe kuuachia.

"Kwa nini, na hakuna aliyekupiga?"

Akaonyesha goti. "Linakataa," akasema. "Na kuna mtu anangoja. Yeye pia anazeeka."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuelekeza duka. Halafu akaomba apewe kibao chake aende nacho. Ilibidi nimwite msimamizi, na msimamizi akakataa, akasema vibao ni mali ya ukumbi vinarudi sandukuni. Bingwa akasema sawa. Akatazama nikibandika cha wazi, akaniambia upande wa kushoto umepanda juu kidogo. Ulikuwa umepanda kweli. Nikanyoosha, akaondoka na gongo lake.

Barua yake nayo iliandikwa kwa mkono, nadhani. Sijui. Mimi nilingoja Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, wenzangu wameenda kununua kadi za simu, nikakaa kitandani nikatafuta kalamu.

Mama alisema baba mdogo ana njia nyingine: kwamba mjenge kibanda kidogo cha nyasi kwa jina langu, cha siku moja, ionekane mkubwa ametangulia, halafu wewe upite. Najua watu hufanya hivyo. Mimi sikitaki. Kitasimama pale bila moto ndani, mvua itakila, mbuzi wataingia, na mtu akipita atauliza cha nani, mtasema cha Ochieng'. Nimebandika vibao vya namna hiyo vya kutosha.

Sasa sehemu inayofuata imsomee baba mdogo, Mama akiwepo, na yule mzee wa kanisa naye akitaka kusikia asikie. Isome polepole.

Baba mdogo, shikamoo. Ni mimi Ochieng', kifungua mimba wa ndugu yako. Nina akili zangu, sikulewa, na hakuna aliyenilazimisha, Ouma mwenyewe hajui kwamba naandika haya. Nafasi yangu ya kutangulia kuanzisha boma nimeiachia. Naiachia kabisa, siyo mpaka nitakaporudi. Ouma atoke na mke wake na wanawe, wewe umtangulie badala ya marehemu Baba, na jogoo, na shoka, na moto, kama inavyotakiwa. Kama kuna neno la kusemwa kwa mkubwa aliyepitwa, liseme kwa niaba yangu, mimi nitalipokea nilipo. Kama kuna kosa la kuchelewa, kosa hilo ni langu, lisivuke kwenda kwa watoto wa Ouma. Najua nikishapitwa nimepitwa. Sitarudi siku moja nikadai mstari wangu.

Mwisho wa sehemu ya baba mdogo.

Ouma, nilidhani nikifika hapa nitatokwa na machozi, maana nimeyabeba maneno haya miaka minne. Hayakutoka. Nilikwenda nikala wali, nikarudi kuendelea. Labda yatakuja baadaye, labda yalikauka kama yale ya watu wa beseni. Usiyasubiri. Ukianza kujenga usinitumie picha ya msingi ili nifurahi. Nitumie picha ya paa likiwa limekwisha, nione misumari yote iko.

Ardhi usichague kule karibu na ua wa mbuga ya wanyama, nyani watakumalizia mahindi. Chukua ule mteremko wa juu ambako Baba alikuwa akifunga ng'ombe. Najua hukutaka kuugusa kwa sababu ulisemwa kuwa wangu. Ni mahali pakavu, na shemeji ataona ziwa akiwa mlangoni. Lango likae pana. Mimi nikirudi nitalala ndani ya ile simba yako mkishahama. Nitaziba paa, maana hilo angalau nimejifunza, kupanda juu. Na siku nitakapokuja kwako nitasimama langoni kwa mdogo wangu na kupiga hodi kama mgeni mwingine yeyote, na wewe usitoke mbio. Sema karibu ukiwa umekaa.

Nisalimie Mama, umwambie kuhusu Boke nilisema ukweli leo, asiniulize tena habari ya msichana wa yule rafiki yake wa kwaya. Nisalimie baba mdogo na wake zake wote wawili. Nisalimie shemeji Akinyi, umwambie kaka wa mumewe anaomba msamaha kwa ajili ya ile sufuria, ataelewa au hataelewa. Watoto wako wasalimie kwa majina yao, mimi niliwasalimia kwa simu tu na hawajui sura yangu. Dada yetu aliyeolewa Ogwedhi akija, mpe habari kabla hajazisikia sokoni. Fundi mwenzako hapo Sori nisalimie pia, na wale wa kibanda cha video waambie heavy haina bingwa wa kudumu.

Magesa amekuja, anasema bahasha ifungwe. Nafunga.

Wako wa damu,

Ochieng', aliyezaliwa kwanza.